Je, wajua kwa nini filamu ya Fruitvale Station inaanza na kifo?

Kabla hatujamfahamu mhusika yeyote, filamu hii ya mwaka 2013 inatuonesha video halisi iliyorekodiwa kwa simu na abiria wa treni: picha inatikisika, watu wanapiga kelele, kijana amelazwa kifudifudi kwenye jukwaa la stesheni, kisha risasi inalia.

Kijana huyo ni Oscar Grant, aliyekuwa na umri wa miaka 22 alipopigwa risasi ya mgongoni na askari polisi wa reli, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2009, mjini Oakland, California. Mwongozaji Ryan Coogler, mzaliwa wa mji huohuo na rika lake, amewahi kueleza kwamba mwanzoni hakutaka kutumia picha halisi hata kidogo, lakini akabadili mawazo kwa sababu watu wa kwao waliijua video ile vizuri sana, ilhali watazamaji wa mbali hawakuwa na habari yoyote.

Mimi naona mpangilio huo una kazi kubwa zaidi. Tukishajua kwamba atauawa, hakuna jambo dogo tena katika siku yake ya mwisho, hata kununua kaa wa kupikia chakula cha siku ya kuzaliwa ya mama yake, iliyoangukia mkesha wa Mwaka Mpya. Mama huyo, aliyeigizwa na Octavia Spencer, anamsihi mwanawe asiendeshe gari usiku huo wa sherehe, apande treni. Ni ushauri ambao mzazi yeyote mwenye busara angeutoa, nasi tunausikia huku tukitamani asimsikilize. Baadaye, akiwa mbele ya maiti, anajilaumu kwa neno hilohilo.

Kesi yenyewe haioneshwi. Tunasoma maandishi machache tu. Askari alidai kwamba alikusudia kuchomoa kifaa cha kushtua kwa umeme, akachomoa bastola kwa makosa. Mwaka 2010 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 2, na katikati ya mwaka 2011 alikuwa tayari ameachiwa.

Coogler anaacha mahakama na kubaki na familia. Katika tukio la mwisho la maigizo, binti wa Oscar wa miaka 4 anamuuliza mama yake baba yuko wapi, na mama hajibu.