Shavu la Mguu Linapocheza: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu amejilaza baada ya siku ndefu, mara shavu la mguu linaanza kuchezacheza lenyewe. Akitazama, anaiona ngozi ikirukaruka kana kwamba kuna kitu kinachogonga kutoka ndani, ingawa hasikii maumivu wala hawezi kuuzuia mchezo huo.

Dhana potofu: Huo ni mshipa wa damu unaopiga.

Ukweli: Lugha yenyewe inachangia kosa hili, kwa kuwa neno "mshipa" wengi hulitumia kwa njia ya damu na kwa neva pia. Mshipa wa damu hupiga kwa kufuata moyo, ilhali msuli unaocheza huruka mara tatu nne, hutulia, kisha huanza tena bila mpangilio. Chembe moja ya neva inayoendesha msuli imejifyatua bila kuamriwa na ubongo, na nyuzi zote za msuli zilizo chini yake zikajikunja kwa pamoja.

Dhana potofu: Ni mwanzo wa ugonjwa wa neva usiopona.

Ukweli: Hofu hii ndiyo inayowakosesha watu usingizi kuliko nyingine zote. Ugonjwa unaoogopwa ni ule unaoua chembe za neva za misuli, aliougua mwanafizikia Stephen Hawking, na ni kweli kwamba misuli ya wagonjwa wake hucheza. Lakini kwa kawaida hudhoofika na kukonda pia. Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 121 waliokuwa wakichezwa na misuli kwa namna iliyoonekana haina madhara, kwa muda wa kati ya miaka 2 na 32, na hakuna hata mmoja aliyepatwa na ugonjwa huo. La kuangalia, basi, ni nguvu: je, unaweza kusimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja na kutembea kwa visigino? Kuukagua mguu kila saa hakusaidii, kwani wasiwasi nao huzidisha kucheza kwa misuli.

Dhana potofu: Ni upungufu wa magnesiamu, na dawa yake ni vidonge.

Ukweli: Upungufu wa magnesiamu, kalsiamu au potasiamu unaweza kusababisha hali hii, hasa baada ya kuharisha au kutapika kwa muda mrefu, au kwa mtu anayetumia dawa za kukojoza. Hata hivyo, mara nyingi chanzo ni mazoezi makali, usingizi haba, msongo wa mawazo, kahawa nyingi au dawa kama salbutamoli ya pumu. Asiye na upungufu akimeza vidonge huenda akaambulia kuharisha tu, na mwenye figo dhaifu anaweza kulimbikiza madini hayo hadi yakamdhuru.

Wengine huchanganya hali hii na kukakamaa, ambako msuli mzima hukaza na kuuma. Huko, kunyoosha goti na kuvuta vidole vya mguu kuelekea usoni huulegeza. Msuli unaocheza tu hauna dawa maalumu wala kwa kawaida hauihitaji: usingizi wa kutosha, kupunguza kahawa na kupumzisha mguu mara nyingi hutosha. Ukiandamana na udhaifu, ganzi, kukonda kwa mguu au maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni, muone daktari, ambaye anaweza kupima madini na homoni za tezi dundumio (tezi iliyo mbele ya shingo) katika damu, na ikibidi akuagizie kipimo cha umeme wa misuli.