Kukomaa katika kazi ya programu: wanavyodhani wengi na mambo yalivyo

Ukipita meza za Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa karibu na Fort Jesus hapa Mombasa, au madarasa ya Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, utawakuta vijana wenye bidii ya kweli. Kinachowachelewesha wengi ni imani chache walizozipokea juu ya kazi yenyewe, zinazowafanya waanze mambo mengi na wafuate machache hadi yanapoishia.

Dhana: Lugha nyingi, ujuzi mwingi.

Lugha ya pili humchukua mtu wiki chache kuizoea, kwa sababu vitanzi, masharti na funksheni ni vilevile, sura tu ndiyo hubadilika. Kinachochukua miaka hakimo ndani ya lugha yoyote. Mtandao ukikatika katikati ya ombi, data inabaki katika hali gani? Watu wawili wakikata tiketi ya mwisho kwa wakati mmoja, nani anaipata? Jedwali likifika safu mlalo milioni moja, kwa nini ukurasa unakwama?

Chagua lugha moja na hifadhidata moja, ukae nazo mwaka mzima. SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, ilianzia IBM katika miaka ya 1970 na hadi leo inaendesha hesabu za maduka, benki na hospitali, kwa hiyo muda utakaouweka huko haupotei. Kipimo ni hiki: uweze kumweleza mwenzako, bila kuchungulia popote, yote yanayotokea tangu kitufe kibonyezwe hadi safu iandikwe kwenye hifadhidata. Pale utakapokwama ndipo somo lako la wiki hiyo lilipo.

Dhana: Programu ikikubali kwenye kompyuta yangu, imekwisha.

Hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi, basi tuikalie kidogo. Chukua duka la leso la Biashara Street linalouza kwa wavuti. Msanidi ameunganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom inayounganisha programu na M-Pesa. Anajaribu kwa simu yake, anaweka PIN, malipo yanapita, anafunga laptopu.

Ombi la malipo likitumwa, Daraja hujibu papo hapo kwa ResponseCode 0. Wengi huiona sifuri hiyo wakaandika "imelipwa". Maana yake ni kwamba ombi limepokelewa tu. Mteja hata PIN hajaigusa. Matokeo yenyewe huja baadaye, kwenye anwani ya seva uliyoitaja, yakiwa na ResultCode: 0 amelipa, 1032 ameghairi, 1037 simu yake haikufikiwa au hakujibu kwa wakati. Na matokeo hayo yanaweza kuchelewa, kukosa kufika kwa kuwa seva yako ilikuwa imezimika dakika hiyo, au kufika mara mbili. Tena mteja asiyeona kitu kwenye skrini hubonyeza "Lipa" mara ya pili, na huwezi kumlaumu.

Dawa yake ina mpangilio. Mara Daraja inapojibu, hifadhi CheckoutRequestID, yaani kitambulisho cha ombi hilo, pamoja na nambari ya oda, hali ikiwa "inasubiri", na uiwekee hifadhidata sharti kwamba kitambulisho hicho kisijirudie. Matokeo yakija, tafuta kwa kitambulisho hicho. Ukikuta oda imeshalipwa, jibu kuwa umepokea na usiguse kitu kingine. Zikipita dakika mbili kimya, iulize Daraja hali ya muamala badala ya kubahatisha. Kitufe cha "Lipa" kizimike kwa muda mteja akishakibonyeza, lakini usikitegemee hicho peke yake, kwa sababu mtu anaweza kuufungua ukurasa upya. Nambari za simu zinazoandikwa kwa 07, kwa +254 au kwa nafasi katikati, zote zigeuzwe zianze kwa 254, na zihifadhiwe kama maandishi: ukizipokea kama nambari za hesabu kabla ya kuzigeuza, sifuri ya mbele hupotea. Pesa nazo zihifadhiwe kwa senti, nambari kamili. Ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwa desimali za kawaida za kompyuta unapata 0.30000000000000004, na mwenye duka hatakuelewa.

Kosa jingine hulala miezi kumi na moja likaamka Ramadhani. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya rejea ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Mauzo ya saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumanne huandikwa kuwa ya saa nne na nusu usiku wa Jumatatu. Mwaka mzima duka hufungwa jioni, hakuna anayeona. Ikifika Ramadhani watu wananunua baada ya tarawehe hadi usiku mkubwa, na ripoti ya siku inakataa kulingana na pesa zilizoingia. Hifadhi wakati kwa UTC, lakini mpaka wa siku ukatwe kwa majira ya Africa/Nairobi. Na kama programu yako inapokea saa zilizoandikwa kwa Kiswahili, "saa mbili asubuhi" ya mwenye duka ni 8:00.

Kwa hiyo, kabla ya kusema imekwisha: kata intaneti katikati ya malipo, itumie seva yako matokeo yaleyale mara mbili, ghairi kwenye simu, kisha ingiza mauzo ya saa saba usiku uitazame ripoti. Kazi hii haimalizi hata nusu siku.

Dhana: Fundi wa kweli haulizi.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaopiga picha skrini na kuituma kwenye kundi kabla hawajausoma ujumbe wa kosa. Wote wawili wanapoteza kitu kilekile: nafasi ya kujifunza kutokana na kosa.

Soma kwanza. Katika Python anzia mstari wa mwisho, ndio unaotaja aina ya kosa. Kisha panda juu hadi ufikie mstari wa kwanza unaotaja faili lako mwenyewe, si la maktaba. Mara nyingi jibu liko hapo au hatua moja kutoka hapo. Kama jana ilifanya kazi na leo haifanyi, tumia git bisect, amri ya git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo: unaitajia hali nzuri na hali mbaya, nayo inakugawia historia nusu kwa nusu. Mabadiliko 1,000 yanachunguzwa kwa hatua kama 10 tu.

Jipe dakika 30. Zikiisha, uliza, na uliza kikamilifu: nilitaka nini, kimetokea nini neno kwa neno, nimejaribu nini. Aliyekutangulia akipata maelezo hayo hatakuona mjinga, atakuona mtu wa kufanya naye kazi. Mara nyingi, ukiwa katika kuyaandika, utaliona kosa mwenyewe.

Likipatikana jibu, liandike kwenye daftari kwa mistari minne: nilichokiona, nilichodhani, kilichokuwa, na ishara ambayo ingenijulisha mapema. Huo mstari wa nne ndio unaokomaza, na ndio watu huuruka. Baada ya miezi mitatu pitia daftari zima. Utakuta makosa yako yana ukoo, labda nusu yake ni ya thamani tupu (null) usizozitarajia. Hapo unajua cha kusoma.

Dhana: Akili bandia inaandika msimbo, misingi ya nini?

Inaandika haraka, na mara nyingi vizuri. Lakini inajibu ulichoomba. Anayeweza kuomba "tokeo likija mara mbili lisihesabiwe mara mbili" ni yule anayejua kwamba laweza kuja mara mbili. Kwa anayejifunza, utaratibu unaofaa ni huu: andika jaribio lako kwa dakika 20 kabla ya kuuliza, ukipata jibu, eleza kila mstari kwa maneno yako, kisha ulifute uliandike upya bila kutazama. Mstari usioweza kuueleza usiingie kwenye kazi ya mteja.

Dhana: Msanidi hukesha.

Sababu ya kukesha hapa inaeleweka: usiku kuna ubaridi na bando za usiku ni nafuu. Ila akili iliyochoka huandika kosa saa nane usiku na kulitafuta hadi adhuhuri. Hata ile kanuni inayotajwa sana, kwamba ubingwa huhitaji saa 10,000 za mazoezi, ilitokana na utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wa 1993 juu ya wapiga fidla wa Berlin, na Ericsson mwenyewe alieleza baadaye kwamba idadi hiyo ni wastani tu. Uzito uko kwenye mazoezi yenye lengo na kurekebishwa. Makundi mawili ya wapigaji bora katika utafiti huo yalilala zaidi ya kundi la tatu. Dakika 90 baada ya alfajiri, kabla jua halijakaza, simu ikiwa chumba kingine, zinatosha kwa kazi ngumu ya siku.

Dhana: Mpaka uhamie Nairobi.

Nyaya za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, na shida za kutatua ziko hapahapa Kilindini. Omba ruhusa ukae saa mbili na karani wa wakala wa forodha, uhesabu ni mara ngapi anainakili nambari ya kontena kwa mkono. Kuihakiki nambari hiyo ni zoezi zuri kuliko kozi nyingi.

Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 6346, nambari ya kontena ina herufi 4, tarakimu 6, na tarakimu ya saba ya kuhakiki. Herufi hupewa thamani kuanzia A yenye 10, ukiruka 11, 22 na 33, hivyo B ni 12 na Z ni 38. Kila thamani huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512, kwa mfuatano wa nafasi. Jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndilo tarakimu ya kuhakiki. Kwa CSQU3054383 jumla ni 6185, baki 3, nambari ni sahihi. Karani akipishanisha 5 na 4 akaandika CSQU3045383, jumla inakuwa 6249, baki 1, na programu yako imzuie hapohapo kabla karatasi hazijaenda mbele.

Kuna mtego mmoja: baki likiwa 10, tarakimu ya kuhakiki huandikwa 0. Aliyejaribu kwa kontena moja hatauona. Ipe programu yako CSQU0010000, ambayo jumla yake ni 505, uone kama itaikubali.