Silikanti wa Tanga na hatari ya jarife

Silikanti anapotajwa, wengi hukumbuka mwaka 1938, alipovuliwa karibu na East London, Afrika Kusini, samaki ambaye wanasayansi waliamini kwamba ukoo wake ulitoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Sifa hiyo humponza, kwa kuwa aliyevuka nyakati zote hizo hudhaniwa kuwa hawezi kushindwa na nyavu. Mimi, niliyesomea uzazi na ukuaji wa samaki, naona hatari yake imo katika maumbile yake mwenyewe.

Uchunguzi wa magamba uliochapishwa mwaka 2021 na Kélig Mahé na wenzake ulionyesha kwamba silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100, wala si 20 hivi kama ilivyokadiriwa awali, kwamba jike hukomaa akiwa amepita miaka 50, na kwamba hubeba mimba kwa takriban miaka 5. Kwa hiyo jike anayenaswa akiwa na miaka 40, hata akiwa mkubwa kwa umbo, huenda hajaacha mtoto hata mmoja baharini.

Tanga ndiko jambo hili linakonisumbua zaidi. Tangu mwaka 2004 silikanti wengi wamenaswa huko katika jarife, yaani nyavu kubwa za kuvulia papa, zinazotegwa usiku kwenye miteremko ya chini ya bahari. Hakuna mvuvi anayemtafuta, maana nyama yake ya mafuta mazito haina soko. Hata kumrudisha majini hakusaidii sana: matamvua yake ni madogo, yamezoea maji ya baridi ya kilindini, na akipandishwa kwenye maji ya juu yenye joto hukosa oksijeni ya kumtosha. Isitoshe, uchunguzi wa vinasaba umebainisha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi lililojitenga na wale wa Komoro kwa miaka isiyopungua 200,000, hivyo wakiisha hatutarajii wa Komoro waje kujaza nafasi yao.

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa Tanga mwaka 2009, nami naiunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, mipaka ya hifadhi haimkingi samaki huyu iwapo jarife zinaendelea kushushwa kwenye kina anachoishi, na ni dhuluma kumkataza mvuvi kutega huko bila kumpatia zana nyingine, hasa pale ambapo matumbawe ya karibu yameharibiwa kwa baruti. Ninachopendekeza ni jarife ziondolewe kwanza kwenye miteremko, wavuvi wenyewe wakishiriki kuichagua, na kila silikanti anayenaswa aandikiwe kina, saa na urefu wake, na magamba yake yahifadhiwe ili umri wake ujulikane.