Modena 1742: majeshi mawili ndani ya kidola kimoja

Vita vya Urithi wa Austria (1740–1748) vikitajwa watu wanakimbilia Maria Theresa, mtawala wa Austria, na Frederick wa Prussia na Silesia yao, jimbo walilogombania, sawa, ila mimi nikifundisha hii vita huwa naanzia Modena, kidola kidogo cha kaskazini mwa Italia.

Ilikuwa hivi. Kaisari Charles VI, baba yake Maria Theresa, alifariki Oktoba 1740 bila mtoto wa kiume, urithi wake ukaanza kugombaniwa, na huko Hispania malkia Elisabeth Farnese alikuwa anamtafutia mwanae Philip ardhi Italia, akaona wakati ndo huu. Sasa jeshi la Hispania likitaka kupanda kwenda Milano, iliyokuwa mikononi mwa Austria, lazima likutane na bonde la mto Po, na Modena imekaa hapo hapo, kati ya mito Secchia na Panaro, barabara ya enzi za Warumi imepita katikati ya mji. Duki wake, Francesco III d'Este, akawa anaongea vizuri na pande zote huku chini chini ameshaelewana na Hispania. Najua kuna atakayesema wapiganapo tembo nyasi huumia, mi hapa siikubali kabisa, hii nyasi ilikuwa imeshabeti.

Upande wa pili kulikuwa na Austria pamoja na Charles Emmanuel III, mfalme wa Sardinia (jina lisikuchanganye, makao yake yalikuwa Turin). Walikubaliana Februari 1742, na makubaliano yenyewe vituko, maana mfalme alijiachia mlango wa kujitoa kwa notisi ya mwezi mmoja tu! Ndo hao wakaingia Modena pamoja, ngome ya mji ikasalimu amri Juni, Mirandola, ngome nyingine ya duki, ikafuata Julai, na Montemar, jenerali wa Hispania, alikuwa jirani na jeshi lake lakini hakuja kuwaokoa.

Kwanini waingie wote wawili? Kwa maoni yangu kila mmoja hakutaka kumwacha mwenzie pale peke yake. Halafu kuna suala la msosi. Jeshi la karne ya 18 linakula pale lilipo, nafaka, majani ya farasi, kuni, sehemu ya kulala, na juu yake michango ya hela, kwahiyo ukikaa kwenye ardhi ya adui bili analipa yeye. Februari 1743 wakapigana na Wahispania Campo Santo, ndani ya Modena hiyo hiyo, na kila upande ukatangaza umeshinda.

Duki mwenyewe alishaondoka, akapewa ukamanda kwenye jeshi la Hispania, na Agosti 1744 kule Velletri nusura akamatwe usiku pamoja na mfalme wa Napoli. Ila kodi zake wanakusanya wengine, hela atoe wapi? Akauza picha 100 bora za familia kwa Augustus III, mtawala wa Saxony, kwa zecchini 100,000, yaani sarafu za dhahabu. Kazi za Correggio, Titian, Veronese, zote zikapelekwa Dresden, mji mkuu wa Saxony, mwaka 1746.

Amani ya Aix-la-Chapelle ya 1748 ikamrudishia nchi, picha hazikurudi. Na miaka michache tu baadaye huyu huyu Francesco yuko Milano, gavana wa Maria Theresa, na mjukuu wake Maria Beatrice ameshaahidiwa kuolewa na mtoto wa huyo mama.