Bega, ngozi na maji: afya ya mchezaji wa kikapu cha viti mwendo

Mtu akiumia uti wa mgongo hapa Mwanza, iwe kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka kutoka juu ya mwembe, akitoka wodini mara nyingi anaishia ndani. Nyumba nyingi za Mabatini na Bugarika zimepanda mlimani juu ya mawe, na kiti mwendo hakipiti kwenye vijia vile. Basi anakaa. Misuli inanywea, unene unaongezeka, presha na kisukari vinanyemelea, na upweke unamlemea kuliko maradhi yenyewe. Ndiyo maana sisi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, tunafurahi sana mtu huyo anapofika uwanjani kucheza mpira wa kikapu akiwa kwenye kiti mwendo.

Kikapu cha viti mwendo si mchezo wa kuoneana huruma. Kilianza Marekani miaka ya 1940 kwa askari waliojeruhiwa vitani, na kilikuwamo katika Paralimpiki ya kwanza, Roma 1960. Uwanja ni uleule, na ringi liko mita 3.05 juu, palepale lilipo kwa wanaocheza wakiwa wamesimama. Kila mchezaji hupewa pointi kuanzia 1 hadi 4.5 kulingana na uwezo wa mwili wake, na watano walio uwanjani hawaruhusiwi kuzidi jumla ya 14. Kwa hiyo timu haiwezi kujaza wenye ulemavu mdogo peke yao; aliyepooza kuanzia kifuani anahitajika kikosini. Kwangu mimi hiyo ni tiba kubwa: mtu aliyezoea kubebwa sasa anapigiwa kelele atoe pasi.

Lakini mwili una masharti yake, na la kwanza ni maji. Wachezaji wengi hushinda na kiu makusudi kwa sababu choo cha uwanjani kina mlango mwembamba au ngazi. Mkojo ukiwa mzito na kukaa muda mrefu kibofuni, maambukizi na mawe hufuata. Anayetumia mpira wa mkojo anywe maji ya kutosha na atoe mkojo kabla ya mazoezi. Wenye viwanja nao wapanue milango ya vyoo, maana hili halitibiki kwa vidonge. Damu kwenye mkojo isidhaniwe UTI moja kwa moja; kanda yetu ina kichocho, basi upimwe.

Joto nalo ni hatari. Aliyeumia uti wa mgongo hatoki jasho vizuri chini ya pale alipoumia, hivyo mwili unachemka haraka. Mazoezi yasubiri jua lipungue, na taulo lililoloweshwa maji likae karibu.

Ngozi ndiyo inayowatoa wengi mchezoni kwa miezi mingi. Kiti cha kuchezea huwa kimeinamia nyuma, magoti yakiwa juu, na uzito unaangukia matako na mfupa wa chini ya kiuno, huku jasho likilowesha nguo. Asiyehisi maumivu hajui kinachoendelea. Kila jioni shika kioo kidogo, au mwombe mwenzako akuangalie. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta sehemu iliyozidi kuwa nyeusi au inayong'aa, kisha iguse kwa mgongo wa kiganja: ikiwa ya moto, ngumu au imevimba kuliko jirani yake, usiikalie mpaka irudi kawaida. Ngozi ikiwa tayari imechubuka, nenda hospitali.

Ukiwa umekaa, kila nusu saa inama mbele, kifua kielekee mapajani, kwa dakika mbili. Wengi hujinyanyua kwa mikono; hilo linamaliza mabega, na mabega hayo ndiyo miguu yako. Yanasukuma kiti, yanakuhamishia kitandani, halafu yanarusha mpira.

Kusukuma kiti kunajenga misuli ya mbele na kuiacha ya nyuma ikiwa dhaifu, ndipo bega linapoanza kuuma. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma mpaka mifupa ya mabega ikaribiane, rudisha polepole. Fanya siku ambazo huchezi pia. Jaza upepo matairi, kwani tairi laini linamchosha msukumaji bure. Bega linalouma usiku lionwe na mtaalamu kabla ya mechi nyingine.

Makocha, hili mlijue wote. Mchezaji aliyeumia mgongoni sehemu za juu, usawa wa kifua au shingo, akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, jasho usoni na uso kuwaka, presha yake huenda imepanda kwa hatari. Msimlaze. Mkalisheni wima, legezeni mikanda na nguo zinazobana, angalieni kama kibofu kimejaa au mpira wa mkojo umejikunja au kuziba. Asipopata nafuu mara moja, mpelekeni Bugando, Sekou Toure au hospitali yoyote iliyo karibu, na mwambieni daktari tangu mlangoni kwamba ameumia uti wa mgongo.