Anga la Kajjansi na la Entebbe ni moja

"Mwalimu, mimi narukia chini, jeti iko juu. Tutakutana wapi?" Wiki hii nimeulizwa tena, na mwanafunzi wangu wa urubani aliyebakiza saa chache apate leseni. Nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja.

Kajjansi, kiwanja chetu cha ndege ndogo, na Entebbe, uwanja wa kimataifa wa Uganda, zimetengana kilomita 20 hivi kwa mstari wa moja kwa moja. Kwa jeti inayoshuka, hizo ni dakika nne. Ukipaa tu, tayari uko jirani na njia yake.

Sasa, chini kwa kipimo gani? Altimita, kifaa kinachokuonyesha uko futi ngapi juu, haipimi urefu wenyewe, inapima kanieneo (mgandamizo) ya hewa, na lazima uiwekee kanieneo ya mahali ulipo. Tuseme mwongozaji wa ndege amekuweka futi 5,000, na jeti ameizuia isishuke chini ya 6,000. Futi 1,000 hizo ndizo zinazowatenganisha. Kanieneo ya Entebbe ni hektopaskali 1,016, lakini wewe kwenye altimita umeacha 1,009 ya safari iliyopita. Kila hektopaskali moja ni karibu futi 30. Altimita inakuonyesha 5,000 na wewe uko 5,200. Umekula futi 200 za watu walio juu yako, na hakuna taa yoyote iliyowaka mbele yako.

Hapo wanafunzi huniambia, "Lakini hapa kwetu hali ya hewa haibadilikibadiliki." Hubadilika kila siku! Huku kwenye ikweta kanieneo hupanda hadi kama saa nne asubuhi, kisha hushuka hadi saa kumi jioni, mara nyingi kwa hektopaskali tatu au nne, hata mbingu ikiwa nyeupe. Kipimo ulichoweka asubuhi, jioni kimeshakuwa uongo wa futi mia. Kwa hiyo omba kipimo cha Entebbe kabla ya kila safari, kiweke, kisha kirudie redioni tarakimu kwa tarakimu. "Sawa, nimepata" si jibu. Mwongozaji hawezi kusahihisha kosa ambalo hakulisikia.

"Nitaiona kwa macho." Jeti na kindege kama Cessna zikielekeana humaliza kilomita tano kwa nusu dakika hivi. Na ndege mtakayogongana nayo haisogei kiooni: inabaki nukta palepale, halafu ghafla inajaa. Jicho hukamata kinachosogea.

"Rada inaniona." Transponda yako, kifaa kinachoijibu rada na kuitajia urefu wako, ikiwa imezimwa, rada inaweza kuona nukta, lakini haijui iko futi ngapi. Hata mtambo wa jeti wa kuonya migongano huisikiliza transponda hiyohiyo. Ukiizima, kwake haupo.

Na abiria nao, wakizungushwa juu ya ziwa kabla ya kutua, husema ndege imepotea au rubani anaficha hitilafu. Mara nyingi wanasubiri nafasi tu. Mbele yao yuko mwingine anayetua, au kuna kindege kutoka Kajjansi kinachopishwa.