"Sheria ya jimbo inawalazimisha walipe": hapana, sio kwa kila kadi

Nafanya kazi ya bili za kliniki hapa Louisville, Kentucky, na kama kuna maneno nimechoka kuyasikia kwenye simu ni haya: "Dada, sheria ya Kentucky inasema daktari wa video analipwa sawa na wa ofisini, hao wa bima wanatuibia tu, tuma tena klemu." (Klemu ni yale maombi ya malipo tunayoyatuma kwa bima.) Mtu anasema kwa uhakika kabisa manake kaambiwa na mwenzake kazini au kanisani, na huyo mwenzake kweli alilipiwa. Halafu bili inakaa mezani miezi ikisubiri hiyo sheria ifanye kazi, mwisho inaenda kwa wakusanya madeni. Inaniuma sana kwa sababu muda wa kukata rufaa unapita watu wakigonga mlango ambao sio.

Sheria ipo, sikatai. Ilipitishwa 2018 ikaanza kazi Julai 2019, na inataka bima ilipe tiba mtandao, yaani matibabu ya mbali kwa video, kiwango kile kile cha ana kwa ana, isipokuwa kama mtoa huduma mwenyewe amekubali kiwango cha chini kwenye mkataba wake. California nao wana ya kwao, kwa mikataba ya kuanzia 2021. Majimbo mengine mengi yanasema tu bima isikatae huduma eti kwa sababu imefanyika kwa video, ila ilipe shilingi ngapi hayasemi, na watu wanachanganya hayo mawili kila siku. Lakini hata tukiiacha hiyo, kuna swali ambalo karibu hakuna anayejiuliza: hela ya matibabu yako inatoka mfukoni mwa nani?

Ukifanya kazi kampuni kubwa, iwe ghala, kiwanda au hospitali, mara nyingi ile kampuni ya bima yenye nembo kubwa kwenye kadi yako haijakukatia bima yoyote, inashughulikia makaratasi tu, hela ni ya mwajiri wako. Mipango ya hivyo inaendeshwa chini ya sheria ya shirikisho inaitwa ERISA, ilisainiwa na Rais Gerald Ford 1974, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema 1990 kwenye kesi ya FMC Corp. na Holliday kwamba jimbo haliwezi kuishika mipango hiyo kwa sheria zake za bima. Na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima ya kazini Marekani nzima wako humo! Kwa hiyo watu wawili wanakaa jengo moja, kadi zina nembo ile ile, wamemuona daktari yule yule kwa video wiki ile ile, mmoja kalipiwa na mwingine jibu limerudi na alama ya PR 96, maana yake huduma haimo kwenye mpango wako na deni ni lako wewe mgonjwa. Hakuna aliyeibiwa hapo. Wa kwanza mwajiri wake amenunua bima kwa kampuni ya bima hapa Kentucky, wa pili mwajiri anajilipia mwenyewe, na kwenye mpango wake hakuweka tiba mtandao, au ameweka ya kampuni moja tu ya video aliyoingia nayo mkataba.

Sasa sikiliza ufanye nini. Geuza kadi, soma yale maandishi madogo ya nyuma. Ukiona neno administered au administrator, au maneno kwamba kampuni inatoa huduma za kiutawala tu na haibebi gharama za matibabu, basi mara nyingi uko kwenye mpango ambao mwajiri anajilipia mwenyewe. Kisha waandikie HR (ofisi ya wafanyakazi pale kazini kwako), narudia WAANDIKIE, usipige simu, waombe kile kitabu cha mpango kinaitwa Summary Plan Description. Ukishaomba kwa maandishi wana siku 30 za kukupa. Humo ndo kuna sheria yako, sio kwenye gazeti wala kwa mwenzako wa kanisani. Umekataliwa klemu, una siku 180 toka upate barua ya kukataliwa kukata rufaa kwa mpango wenyewe, na malalamiko yanakwenda Wizara ya Kazi ya shirikisho, sio Idara ya Bima ya Kentucky kule Frankfort, maana Frankfort watakujibu kwa heshima zote kwamba sio mamlaka yao na wewe umeshapoteza wiki kadhaa. Wafanyakazi wa serikali na baadhi ya mashirika ya makanisa wana utaratibu wao mwingine, hao waulize HR zao.

Na kabla ya rufaa muombe mtu wa bili akusomee alama ya kukataliwa. Ikianza na CO hilo sio deni lako, ni la kliniki, usilipe hata senti! Kwa mfano CO 5 maana yake namba ya huduma na namba ya mahali hazipatani. Toka Januari 2022 video ukiwa nyumbani kwako inaandikwa mahali namba 10, ukiwa kwingine ni 02, na bima nyingi zinataka modifaya 95 pembeni, yaani alama ya ziada ya kuonyesha ni video. Kosa la tarakimu mbili linarekebishwa na klemu inarudi kulipwa, bila sheria ya jimbo wala ugomvi.

La pili linalonichosha: "Daktari yuko Louisville, mimi nakaa Louisville, nikimpigia video nikiwa break kazini Jeffersonville shida iko wapi?" Shida ni kwamba ukishavuka daraja la mto Ohio uko Indiana, na kisheria matibabu yanafanyika pale alipo mgonjwa, sio alipo daktari wala unapolipia nyumba. Daktari awe na leseni ya Indiana au ruhusa inayotambulika huko. Huo mkataba wa majimbo wa leseni za madaktari mnaousikia unaharakisha tu kupata leseni, bado kila jimbo linatoa yake. Wanasaikolojia wana mkataba wao wa majimbo, PSYPACT, hiyo kweli inawaruhusu kufanya kazi majimbo yote wanachama, na Florida toka 2019 inawasajili watoa huduma wa nje kwa ajili ya tiba mtandao, lakini usidhani kila mahali ni hivyo. Daktari akikuuliza "uko wapi sasa hivi?" mwambie ukweli, hilo jibu linaandikwa kwenye faili na klemu inalifuata.

Na wale wa "ntaongea naye nikiwa likizo Mombasa au Goma", jamani, Medicare (bima ya shirikisho, hasa ya wazee) kwa kawaida hailipi huduma nje ya Marekani, na leseni ya Kentucky haimruhusu daktari kutibu mtu aliyeko nchi nyingine. Omba dawa za kutosha kabla ya safari.

"Tiba mtandao ni bure toka Corona." Ilikuwa, kwa bima nyingi, 2020. Hali ya dharura iliisha 11 Mei 2023. Wenye mipango ya makato makubwa (hela unayolipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa) na akaunti ya HSA (akiba ya matibabu), sheria ya Julai 2025 inaruhusu mpango kulipia video kabla hujamaliza makato, INARUHUSU, hailazimishi.

"Medicare ya mama inalipa video moja kwa moja." Ya afya ya akili ukiwa nyumbani, ndiyo, imewekwa ya kudumu. Nyingine Bunge linaongeza muda vipande vipande, zilikatika 1 Oktoba 2025 serikali ilipofungwa, zikarudishwa Novemba. Uliza kabla ya kila miadi.

"Tufanye WhatsApp tu." Msamaha wa shirikisho kwenye sheria ya siri za mgonjwa kwa app za kawaida uliisha Agosti 2023, daktari akikataa sio dharau.

"Simu bila video hailipwi." Inategemea bima, ina modifaya yake 93, na Medicare inaikubali kama mgonjwa nyumbani hawezi au hataki video. Zile namba za zamani za bili ya simu, 99441 mpaka 99443, zimefutwa toka Januari 2025, kliniki ikiendelea kuzitumia itakataliwa.

"Kwa video hakuna mkalimani, mtoto atatafsiri." Kliniki inayopokea hela ya shirikisho, Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) ikiwemo, inatakiwa ikupe mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwa video vile vile, na mtoto mdogo haruhusiwi kutafsiri isipokuwa kwa dharura wakati mkalimani hajapatikana. Omba siku ile ile unapopanga miadi, na ukiona gharama ya mkalimani kwenye bili yako wapigie waiondoe.